Kabla hujagusa mipangilio ya moduli ya GPS

Waya kwanza. TX (mguu wa kutuma) ya moduli iende RX (mguu wa kupokea) ya adapta ya USB inayoingia kwenye kompyuta, RX iende TX, na GND (waya wa ardhi) ikutane na GND. Ukiisahau GND utaona takataka tupu kwenye skrini, uilaumu moduli bure. Umeme nao: moduli hii, NEO-6M, ni ya volti 3.3. Bodi nyingi zinazouzwa nayo zina kishusha volti, kwa hiyo ukizipa 5 kwenye VCC (mguu wa kuingizia umeme) zinavumilia, lakini mguu wa RX haumo kwenye huo msamaha. Adapta ikiwa na swichi, iweke 3.3. Sitaki kusikia "mbona yangu haikuungua".

Usisubiri setelaiti ndipo ujue kama waya zinaongea. Moduli hutema sentensi, yaani mistari ya taarifa, hata kama haijui ipo wapi, ila zitajaa koma tupu. Fungua mlango wa seria (ule wa adapta) kwa kasi ya 9600, yaani biti kwa sekunde. Ukiona mistari inayoanza na $GPRMC na $GPGGA, mmeelewana. Ukiona madudu yasiyosomeka, kasi hazilingani. Kuitafuta setelaiti ni kazi ya nje, chini ya anga, na uipe dakika kadhaa.

Ukitaka taarifa mara 5 kwa sekunde, panua njia, yaani pandisha kasi ya seria, kabla ya kuongeza mzigo. Kwa 9600 zinapita herufi kama 960 tu kwa sekunde, na furushi moja la sentensi linaweza kula karibu nusu yake. Zidisha kwa 5 uone. Zima sentensi usizozihitaji, uanze na GSV, ile inayoorodhesha setelaiti.

Sasa kuhifadhi. Hapa nisikilize.

Nilimfungia mteja kifaa cha kufuatilia gari kwenye lori, chenye moduli hii ndani. Nilikuwa nimepandisha kasi hadi 38400, nikahifadhi, nikajaribu mezani wiki nzima: nachomoa, nakunywa chai, nachomeka, inaamka vizuri. Kwenye lori nako ikafanya kazi bila neno. Kisha lori likaingia gereji, betri ikafunguliwa, likakaa siku kama kumi. Lilipowashwa, kimya. Mwenye gari akapiga.

"Fundi, gari yangu iko wapi?"

"Si iko gereji, bosi?"

"Hiyo naijua. Nauliza kwenye simu mbona haionekani."

Nikaenda, nikafungua dashibodi. Kitaa cha moduli kinapepesa mara moja kila sekunde, maana yake setelaiti imezipata na mahali ilipo inapajua. Nikachomeka laptopu kwa 38400: madudu. Nikashusha 9600: sentensi safi kama maji ya mtungi. Moduli ilikuwa imesahau kila nilichoifundisha na kurudia kasi ya kiwandani, wakati programu yangu imekaa kwenye 38400 ikisubiri.

Kosa lilikuwa langu. Pale kwenye ukurasa wa CFG wa u-center, programu ya kompyuta ya kupangia moduli hizi, kuna orodha ya mahali pa kuhifadhi, nami nilichagua kumbukumbu inayoshikiliwa na kile kibetri kidogo cha bodi, basi. Mezani hakikupata nafasi ya kuisha, kwa sababu nilikuwa nachomoa kwa dakika tano tu. NEO-6M haina flashi yake (kumbukumbu isiyohitaji umeme) ya kuwekea mipangilio. Baadhi ya bodi zina chipu ya EEPROM pembeni, nayo huhifadhi bila umeme, nyingine hazina, na kwa macho zinafanana. Siku hizi siiamini yoyote. Programu yangu huanza kwa 9600, hutuma amri ya kubadili kasi, huhamia 38400, na isipopata sentensi yenye hesabu sahihi baada ya kinyota (namba ya kuhakiki mwishoni mwa mstari) hurudi kuanza upya. Na kabla ya kumkabidhi mtu, nakitoa kile kibetri nione itaamkaje.

Mengine ni ya haraka. Ukikuta latitudo 0649.20,S (S ni kusini), si 6.4920, ni digrii 6 na dakika 49.20, yaani digrii 6.82. Ukisoma vibaya, gari lililoegeshwa Kariakoo litaonekana linaogelea baharini kaskazini ya Dar. Saa inayotoka ni ya UTC, saa ya kimataifa, ongeza 3: ikisema 04:00, kwetu ni saa moja asubuhi. Andika mipangilio ya zamani kabla ya kuibadilisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati, nunua moduli ya akiba, usivute waya wa antena ukiwa na haraka, na kabla hujafunika boksi na kupiga silikoni, hakikisha antena imetazama juu.