Namna ya kujiita mwandishi, na kazi inayolibeba jina hilo

Wapo wanaoandika miaka na miaka lakini wanaona haya kujiita waandishi kwa sababu hawajachapisha kitabu. Wapo pia wanaojiita mapema mno, wakiwa na wazo tu na daftari jipya. Wote wanapima kwa kipimo kisichofaa. Jina hili halitolewi na mchapishaji wala cheti, na nia peke yake hailitoshi. Unalipata kwa mambo unayoyafanya na kuendelea kuyafanya: unaandika kwa ratiba, unamaliza, unakirudia ulichoandika mpaka kikae sawa, kisha unakikabidhi kwa wasomaji ukiwa tayari kujibu kwa kila sentensi. Ukiyafanya hayo, jiite mwandishi bila kuomba radhi.

Kuchapishwa si sharti. Muyaka bin Haji alitunga mashairi Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, na watu wakayashika kwa moyo. Mwalimu Sikujua alisaidia kuyahifadhi, na diwani ya Muyaka ilichapishwa 1940, karibu miaka 100 baada ya mshairi huyo kufa. Kuajiriwa kama mwandishi nako si sharti. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mshairi Mathias Mnyampala alikuwa hakimu, na mtunzi wa riwaya za upelelezi Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya Zanzibar kabla ya kuingia kwenye magazeti. Kwa hiyo usingoje kuacha kazi yako. Ngoja tu uwe na kazi moja iliyokwisha. Hadithi fupi moja yenye mwanzo na mwisho inatosha, mradi imepita hatua zinazofuata.

Andika kwa kiasi, si kwa hamu

Jiwekee idadi ya maneno. Maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni maneno 1,500. Kwa mwendo huo riwaya ya maneno 40,000 inaisha kwa wiki 27, yaani miezi sita na siku kidogo. Usitishwe na wanaotaja maneno 80,000 au 100,000, kwani mara nyingi wanahesabu kwa Kiingereza. Kiswahili hubeba mengi katika neno moja: "hatutawaambia" ni neno moja tu kwenye hesabu ya kompyuta. Maneno 40,000 ya Kiswahili, katika kitabu cha ukubwa wa A5 chenye maneno kama 250 kwa ukurasa, ni kurasa 160. Hata mpiga chapa ataipenda idadi hiyo, kwa sababu karatasi kubwa mara nyingi hukunjwa kutoa kurasa 16, na 160 ni mikunjo 10 kamili bila kurasa tupu za kujazia mwishoni.

Saa ya kuandika iwe ileile kila siku, iwe saa 11 alfajiri au saa 4 usiku watoto wakishalala. Kabla ya kufunga daftari, andika kwa kifupi jambo litakalofuata, ili kesho usianze kwa kukodolea macho ukurasa mweupe.

Kinachowaangusha wengi ni kurudi kusafisha sura ya kwanza kila siku. Baada ya miezi mitatu mtu ana sura moja nzuri sana na hana kitabu. Ukikumbuka jambo la kurekebisha huko nyuma, liandike pembeni ("sura ya 2: mjomba awe amekwisha kufa") na uendelee mbele kana kwamba limesharekebishwa. Jambo jingine ni kutuma sura mbichi kwenye kundi la WhatsApp. Pongezi hufika upesi, na hamu ya kumaliza hupungua kwa kuwa malipo yameshapokelewa. Mpaka rasimu iishe, kaa nayo mwenyewe.

Kurudia ndiko kunakomtofautisha mwandishi

Rasimu ya kwanza ikiisha, ifungie wiki 3 au 4. Ukiirudia siku inayofuata utasoma ulichokusudia, si ulichoandika. Kisha ipitie mara nne, na kila mara utafute jambo moja tu. Anayetafuta yote kwa mpigo huishia kuhamisha mikato.

Mara ya kwanza angalia umbo. Kwa kila sura andika sentensi moja: nani anataka nini, na kipi kimebadilika sura inapoisha. Sura isiyopata sentensi yake iunganishe na nyingine au uitoe. Inauma, hasa kama ina maelezo mazuri ya mvua, lakini msomaji atakushukuru.

Mara ya pili angalia sentensi. Tumia kitufe cha kutafuta na upite kila penye "ambaye", "ambayo", "kwamba", "kuweza" na "suala la". "Mtu ambaye alikuja jana" husomeka vizuri zaidi kama "mtu aliyekuja jana". "Aliweza kufungua mlango" iwe "alifungua mlango", isipokuwa mlango wenyewe ulikuwa na shida. Hutayafuta yote. Unachotaka ni kila moja liwe na sababu ya kuwepo.

Mara ya tatu soma kwa sauti, ujirekodi kwa simu, kisha usikilize. Ulimi ukikwama mara mbili mahali palepale, kasoro iko kwenye sentensi. Mazungumzo ya wahusika ndiyo yanayoumbuka zaidi hapa. Mzee wa Pangani, konda wa Mbagala na mwanafunzi wa Nairobi hawawezi kuongea kwa sauti moja, na kama wanaongea hivyo, bado hujawasikia.

Mara ya nne angalia tahajia na upatanisho wa kisarufi. Makosa ya tahajia hufuata matamshi ya mwandishi, kwa hiyo jua udhaifu wako. Anayechanganya r na l ataandika "kula" akikusudia "kura", na kompyuta haitamsaidia kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Anayedondosha h ataandika "ama" badala ya "hama". Angalia pia dh na z, th na s, gh na g. Kamusi ya BAKITA au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iwe mezani, na neno unaloliamini sana ndilo ulitazame kwanza.

Mshairi wa kimapokeo ana hatua yake ya ziada. Katika shairi la mizani (silabi) 16, kila mshororo, yaani mstari, una vipande viwili vya mizani 8, ukwapi na utao, na kila kipande huishia kwa kina chake, yaani silabi ya mwisho inayofanana na ya mishororo mingine. Hesabu kwa vidole huku ukitamka, jicho hudanganya. M na n zinazosimama kama silabi huhesabiwa: mtu ni mizani 2, nchi ni 2, mbwa ni 2. Lakini mwana nalo ni 2 tu (mwa-na), na ng'ombe ni 2 (ng'o-mbe). Mshororo wenye mizani 15 au 17 mara nyingi huwa umeponzwa na herufi hizo. Ukibananga neno ili upate kina, msomaji anayejua ushairi ataliona kabla ya jambo jingine lolote.

Wasomaji watatu kabla ya mchapishaji

Watafute watatu: anayesoma sana, anayeijua mada (muuguzi, kama hadithi iko wodini), na mtu asiye na sababu ya kukupendeza. Usiwaulize "Umeionaje?" kwa sababu watakujibu "Nzuri." Waulize walichoka ukurasa gani, walimchanganya nani na nani, na wapi hawakuamini. Wakijibu, andika na unyamaze. Wote watatu wakitaja ukurasa mmoja, urekebishe. Akiutaja mmoja tu, ufikirie kwa siku mbili kabla ya kuugusa.

Kujibu kwa ulichoandika

Jina lako likikaa juu ya kazi, unawaambia wasomaji kwamba maneno ni yako, na yasiyo yako umemtaja mwenyewe. Shairi la babu, hotuba ya kiongozi, aya ya mtandaoni, vyote vina wenyewe. Sura iliyoandikwa na programu ya akili mnemba hukuiandika wewe, hata kama wazo lilikuwa lako. Ukiitumia kukagua tahajia, kagua na ukaguzi wake. Kama umemchora jirani, badilisha kazi yake, mtaa wake na idadi ya watoto wake, kwa sababu kubadili jina peke yake hakumfichi mtu.

Kazi yako nayo ina ulinzi. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na hakimiliki huanza pale unapoandika, bila kungoja usajili. Kusajili COSOTA (Tanzania) au KECOBO (Kenya), taasisi za hakimiliki za nchi hizo, kunakupa ushahidi pakitokea ugomvi. Tunza pia rasimu zote zenye tarehe, na nakala moja ikae nje ya kompyuta yako.

Kukabidhi

Mchapishaji anataka muswada mzima, muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema hadithi inaishaje, na wasifu mfupi. Tumia karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zenye namba. Soma kwanza anachapisha nini. Anayetegemea vitabu vya shule hatachukua riwaya ya mapenzi ya watu wazima, hata iwe nzuri namna gani. Mashindano ni mlango mwingine. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa.

Kwenye mkataba, tafuta mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, unahesabiwa kwa kipi. Asilimia 10 ya bei ya jalada kwa kitabu cha shilingi 10,000 ni shilingi 1,000. Asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji, ikiwa muuza vitabu amepunguziwa asilimia 35, ni shilingi 650. Tafuta pia kifungu kinachosema haki zinakurudia lini kitabu kikiadimika. Na anayekuomba ulipie uchapaji wa kitabu chako anakuuzia huduma ya kupiga chapa, hata akijiita mchapishaji. Kujichapishia ni njia ya heshima, ila kazi zake unazibeba wewe: mhariri wa kulipwa, mpangaji wa kurasa, na ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba na Kenya hutolewa na shirika la maktaba la taifa.

Kujitambulisha

Mbele za watu, taja aina ya kazi na hatua uliyofikia: "Naandika hadithi fupi, sasa niko kwenye rasimu ya tatu ya mkusanyiko wa hadithi 9." Kauli hiyo inaleta maswali mazuri kuliko "Mimi ni mwandishi", ambayo kwa kawaida huleta swali moja tu, la kitabu kinauzwa wapi.

Wasifu uwe wa maneno 50 hadi 60: unaandika nini, kwa lugha gani, kazi ipi imetoka na wapi, unaishi mji gani. Ondoa "mashuhuri", "nguli" na "mwenye kipaji". Hayo husemwa na wengine. Kama uliingia orodha fupi ya tuzo, andika hivyohivyo, usiandike "mshindi". Kama hujachapishwa, usizibe pengo kwa vyeti vya semina. Andika kwamba umekamilisha muswada, taja idadi ya maneno na mada yake, kisha weka tarehe ili ujue lini uliurekebisha mara ya mwisho.