Kujaza Upya Katriji ya HP 85A

Katriji ya 85A (CE285A), yaani chombo cha tona, wino wa unga, hutumika kwenye printa za LaserJet P1102, M1132 na M1212nf. Ikiwa mpya hutoa takriban kurasa 1,600. Nunua tona ya unga iliyoandikwa namba hiyohiyo. Tona ya "printa zote" huenda ikayeyuka kwa joto tofauti, na maandishi yakafutika kwa kidole.

Tandaza magazeti, vaa barakoa, zima feni. Toa pini mbili zinazounganisha nusu za katriji. Nusu yenye dramu (silinda inayohamishia tona kwenye karatasi) ina chumba cha tona taka, ile iliyobaki baada ya kuchapa: toa dramu, ifunike kwa kitambaa cheusi kwa sababu mwanga huiharibu, kisha mwaga taka yote. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa karatasi kuchafuka. Taka ikijaa humwagika ndani ya printa, na usiirudishe kamwe kwenye tona mpya, ina vumbi la karatasi.

Kwenye nusu ya pili, ondoa rola ya sumaku na wembe wake (ukanda unaosawazisha tona juu ya rola), mimina gramu 60 hadi 70 za tona kwa faneli, kisha rudisha wembe na rola. Usizidishe. Tikisa taratibu kabla ya kuifunga.

Doa linalojirudia kila milimita 75 linatoka kwenye dramu; badilisha dramu. Mstari wa wima mara nyingi ni wembe wa kusafishia dramu uliochakaa.

Tona ikimwagikia nguo, kung'uta, kisha fua kwa maji baridi. Ya moto huigandisha.