Namna ya Kuunganisha Simu na Redio ya Gari Lililotoka Japani

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yalitumika kwanza Japani, na redio zake huja na lugha, ramani na masafa ya huko. Ndiyo maana mtu mwenye simu nzima kabisa hukaa nusu saa akibonyeza kioo asichoweza kukisoma, kisha akaja kwa fundi akidai kwamba redio ni mbovu. Katika kazi yangu ya umeme wa magari, redio mbovu kweli ni chache. Zilizo nyingi hazijaelekezwa tu.

Hatua ya kwanza ni kuegesha gari, kuweka gia kwenye P na kuvuta breki ya mkono, kwa kuwa redio nyingi za kiwandani hufunga vitufe vya kusajili simu gari linapotembea. Zungusha ufunguo hadi ACC, mahali redio inapowaka bila injini. Injini si lazima iwake, ila usikae muda mrefu ikiwa betri imechoka.

Hatua ya pili ni kuisoma skrini. Chukua simu nyingine, fungua Google Translate na uelekeze kamera kwenye kioo cha redio. Tafsiri yake wakati mwingine huchekesha, lakini maneno unayoyahitaji ni machache: 設定 ni mipangilio, 登録 ni kusajili, 削除 ni kufuta, na はい ni ndiyo. Neno Bluetooth lenyewe kwa kawaida huandikwa kwa herufi zetu, kwa hiyo lianzie hilo.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi. Redio huhifadhi idadi maalumu ya simu, mara nyingi tano, na gari lililopitia mikono kadhaa huwa limeshajaa. Nimewahi kufungua orodha nikakuta majina matano, yote kwa Kijapani, na mwenye gari alikuwa amehangaika tangu siku alipolichukua bandarini. Futa majina hayo yote. Kama simu yako iliwahi kuunganishwa na redio hiyo ikagoma, ifute redio kwenye simu pia, maana upande mmoja ukikumbuka na mwingine ukasahau, haviwezi kuelewana.

Hatua ya nne, anzia kwenye redio: bonyeza 登録 ili ianze kusubiri, kisha washa Bluetooth kwenye simu na utafute kifaa kipya. Jina la redio likitokea, liguse. Ukionyeshwa tarakimu sita pande zote mbili, hakikisha zinafanana ndipo ukubali. Ukiombwa namba ya siri, soma iliyoandikwa kwenye skrini ya redio, na kama haipo jaribu 0000 au 1234. Simu ikiuliza iwapo redio isome majina ya watu uliowahifadhi, kataa ikiwa gari ni la kukodi.

Ikiwa mazungumzo yanasikika kwenye spika lakini muziki haupigi, usirudie yote hayo. Mazungumzo ya simu na muziki hupita katika njia mbili tofauti za Bluetooth, na baadhi ya redio za zamani zina ile ya kwanza peke yake. Fungua maelezo ya kifaa kwenye simu, uone kama sauti ya muziki imeruhusiwa, kisha ubadilishe chanzo cha sauti kwenye redio, kwa sababu inaweza kuwa bado imekaa kwenye diski.

Redio isiyo na njia ya muziki hutumia waya wa AUX wa milimita 3.5, ambao kwangu bado ndio wenye sauti safi kuliko kisambaza mawimbi cha kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara, kile kinachorusha muziki wa simu kama stesheni ya FM. Ukilazimika kutumia kisambaza mawimbi hicho, kumbuka kwamba redio nyingi za Japani hupokea FM kuanzia 76 hadi 90 tu, ilhali kisambaza mawimbi huanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo vyote viwili vikutane kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na stesheni. Ukikiweka kwenye 100, redio haitakifikia kamwe, hata ukinunua cha bei ghali.