Jinsi ya Kupunguza Tozo Zinazorundikana Mzigo Unapovuka Mipaka ya Kaunti

Nchini Kenya, lori la viazi linalotoka Ol Kalou, Kaunti ya Nyandarua, kwa njia ya Gilgil kwenda soko la Kongowea, Mombasa, hupita katika kaunti kadhaa, zikiwemo Nakuru, Kiambu, Machakos, Makueni na Taita Taveta. Kila kizuizi cha ushuru wa mazao njiani huongeza gharama, na gharama hiyo hatimaye humwangukia mkulima kwa bei duni au mnunuzi kwa bei ghali. Mfanyabiashara hawezi kuviondoa vizuizi hivyo peke yake, lakini chama cha wafanyabiashara au ushirika wa wakulima unaweza kuvipunguza kwa kufuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, tofautisheni tozo halali na tozo yenye shaka. Kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010 kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma inazotoa, na ibara yake ya 5 inakataza tozo zinazoathiri shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: kaunti imetoa huduma gani? Ada ya sokoni, ambako kuna kibanda, choo na usafi, ina msingi, na si busara kuipinga. Lakini lori linalopita tu kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, ambayo iko chini ya serikali ya kitaifa, halijapokea huduma yoyote ya kaunti inayostahili kulipiwa.

Pili, wekeni kumbukumbu, kwa maana hapa ndipo madai mengi hufia. Dereva asibishane kizuizini huku viazi vikiharibika. Alipe, adai risiti, kisha aandike tarehe, saa, mahali, kiasi alichotozwa na idadi ya magunia. Risiti ipigwe picha papo hapo, kwa sababu maandishi ya zile mashine ndogo za risiti hufifia upesi ikiachwa juani kwenye dashibodi. Akinyimwa risiti, jambo hilo nalo liandikwe. Angalieni pia kama tozo inahesabiwa kwa gunia au kwa uzito, kwani tozo ya kila gunia humshawishi mnunuzi kushindilia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi lakini likalipiwa kama moja, ilhali kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Hasara hiyo humfikia mkulima kabla lori halijawashwa.

Tatu, iandikieni kaunti husika mkiomba sheria inayoidhinisha tozo, jedwali la viwango na maelezo ya huduma inayolipiwa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 kuamua ombi kama hilo. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa bila sheria, hivyo jibu lisilotaja sheria yoyote lina uzito mkubwa kwenu.

Nne, nendeni kwenye bunge la kaunti wakati Mswada wa Fedha, unaoweka kodi na ada za kaunti, unapojadiliwa. Bunge linapaswa kuupitisha ndani ya siku 90 baada ya kuidhinisha matumizi ya mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Msipeleke malalamiko matupu. Pelekeni kifungu kilichokwisha kuandikwa, kwa mfano: “Ushuru wa mazao hautatozwa kwa mzigo unaopita ambao haukupakiwa wala kuuzwa ndani ya kaunti hii.” Mswada ukiwa umepita, bado mnaweza kuwasilisha ombi rasmi bungeni chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012.

Tano, zishawishini kaunti jirani zikubaliane kwamba mzigo utatozwa mara moja tu, mahali ulipopakiwa, na risiti hiyo itambuliwe kote njiani. Magavana huhofia kupoteza mapato, na hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo waonyesheni, kwa hesabu za kumbukumbu zenu, ni mizigo mingapi inayozunguka njia nyingine au kupita bila kulipa kwa sababu tozo zimezidi. Kaunti ambako mazao hupakiwa ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa ndiyo itakayofaidika mapema.

Mahakama Kuu iwe hatua ya mwisho. Kesi ya kikatiba ni ghali na huchukua muda, kwa hiyo ifunguliwe kwa jina la chama, huku daftari la dereva na picha za risiti zikiambatishwa kama ushahidi.