Sakulenti za ndani: angalia kwanza dirisha lako linatazama wapi

Sakulenti ni mimea inayotunza maji kwenye majani au shina lake nene. Kila nikiulizwa "mbona sakulenti yangu imerefuka hivi" naomba picha, na karibu kila mara nakuta mmea umekaa pembeni ya TV, mita tatu toka dirishani, pazia limefungwa, alafu mwenyewe anasema nyumba yake ina mwanga mzuri. Mwanga mzuri kwa macho yetu ni giza kwa mmea. Macho yanajirekebisha ukiingia ndani, mmea hauwezi, na ukisogea mita moja tu toka dirishani mwanga unakuwa umeshapungua sana.

Sasa kuna ushauri umezagaa kwenye intaneti kwamba weka mmea dirisha la kusini. Huo ni wa Ulaya na Marekani, kwao jua la mchana linakuwa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi wa Dar tuko kama nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua letu kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka Oktoba mchana linakuwa upande wa kaskazini, miezi iliyobaki ndo linahamia kusini, tena Desemba linakuwa juu sana karibu na utosi kwahiyo dirishani linaingia kidogo mno, na kama nyumba ina kibaraza au bati limetokeza ndo haliingii kabisa. Mi nimekaa mwaka mzima nafuata ushauri wa dirisha la kusini, mimea ikafa mmoja mmoja nikidhani maji ndo shida, na iliniuma sana kwa sababu nilikuwa naihudumia kwa moyo wote.

Kwa huku kwetu dirisha bora ni la mashariki. Jua la saa 1 mpaka saa 4 asubuhi ni laini, linampa mmea chakula bila kumuunguza. La magharibi nalo lina jua la kutosha ila ni kali, kuanzia saa 9 alasiri kioo na ukuta vimeshapata moto, hapo rudisha chungu nyuma kidogo, sentimita 30 hivi, au weka pazia jepesi jeupe. La kaskazini zuri katikati ya mwaka. La kusini mpe mmea usiohitaji jua la moja kwa moja.

Ukishajua upande, angalia dirisha lenyewe. Nyumba zetu nyingi dirisha lina wavu wa mbu, lina grili, kioo chenyewe cha rangi nyeusi au bluu, na vumbi la barabarani juu yake, na kila kimoja hapo kinakula mwanga, ukijumlisha kinachofika kwa mmea ni kidogo sana. Wavu usiutoe, mbu hawana utani, ila usugue kwa brashi na maji ya sabuni na kioo ukifute mara kwa mara, utaona tofauti.

Kupima huhitaji mashine. Saa 6 mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, alafu inua mkono juu yake kama sentimita 30. Ukiona kivuli kikali vidole vinahesabika, hapo sakulenti za jua kama echeveria (yenye majani manene yaliyopangika kama ua la waridi), kalanchoe, adenium na aloe nyingi zinakaa. Kivuli kipo ila kingo zimefifia, weka haworthia, gasteria au sansevieria, yale majani marefu yaliyosimama kama panga. Kivuli hakuna kabisa, usiweke mmea hapo, weka picha ya ukutani.

Dalili za mwanga mdogo zinaanza taratibu. Mmea unainamia upande wa dirisha, majani yanaachana, shina linaonekana katikati, rangi inapauka. Mnakumbuka maharage tuliyopanda kwenye kopo shuleni tukayaficha kabatini yakatoka marefu meupe? Ni kitu kilekile. Na hapa ndo wengi wanakosea, wanaona mmea mnyonge wanaongeza maji, wakati mmea wenye mwanga mdogo unakunywa polepole, udongo unakaa na unyevu na mizizi inaoza. Mwanga ukipungua, maji pia punguza.

Upande wa pili ni kuungua. Madoa ya kahawia au meupe yaliyokauka upande unaotazama jua, hayo hayaponi, yatabaki mpaka jani lidondoke. Ila kingo zikiwa nyekundu usiogope, echeveria nyingi na aloe zinafanya hivyo zikipata jua la nguvu na jani linabaki gumu zima. Mara nyingi kuungua kunatokana na kuhamisha ghafla. Mmea ulionunua barabarani ulikuwa chini ya neti ya kivuli, ukiupeleka siku hiyohiyo kwenye jua la mchana unaungua. Anza na muda wa lisaa limoja tu kwenye jua la asubuhi, ongeza kidogo kila baada ya siku mbili tatu, wiki mbili zikiisha umeshazoea. Ule unga mweupe kwenye majani ya echeveria pia usiufute, ndo kinga yake ya jua. Alafu kila wiki geuza chungu robo mzunguko ili ukue wima.

Kama chumba chako hakina dirisha la maana, taa ya LED nyeupe inafanya kazi vizuri. Iweke sentimita 15 mpaka 30 juu ya mmea, iwake kwa masaa 12 mpaka 14 kwa siku, usiku izime. Taa ya wati 10 ikiwaka masaa 12 kila siku inakula kama yuniti 3.6 kwa mwezi, LUKU haitakulilia.

Na ule uliokwisha kurefuka haurudi kuwa mfupi hata ukiuhamisha leo. Kata kichwa kwa kisu safi, bakiza shina sentimita 2 au 3 chini ya majani, kiache kivulini siku 3 mpaka 5 kidonda kikauke, ndo upande kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Kisiki usikitupe, kiache palepale dirishani, kikipata mwanga kinatoa vichipukizi pembeni.