Kuzalisha Marans wa shoo bila kupoteza lile yai la chokleti

Watu wengi wanaingia kwa Marans, mbegu ya kuku wa Kifaransa, kwa sababu ya yai. Mtu ameona picha ya yai la rangi ya chokleti, akatafuta mayai ya kutotolesha, vifaranga wakatoka, miezi saba baadae ana banda limejaa kuku wanaotaga vizuri kweli ila akimpeleka mmoja shoo jaji anamgeuza mara moja tu anamrudisha kizimbani. Alafu kuna wenzetu wa upande wa pili, majogoo yao yanang'aa hatari, mayai ya kuku wao sasa ni kahawia ya kawaida kama ya kuku yoyote wa mayai. Marans ni vyote viwili kwa pamoja na ugumu wake ndo uko hapo, manake kwenye shoo ya kuku jaji haoni yai kabisa, na kwenye trei ya mayai hakuna anayejua mkia ulisimama vipi.

Kabla hujanunua hata kifaranga, amua unafuata standadi ya nani, yaani maandishi ya sifa anazotakiwa kuwa nazo kuku wa mbegu hiyo. Hii mbegu ni ya mji wa Marans, magharibi mwa Ufaransa karibu na bandari ya La Rochelle, sehemu ya vinamasi. Majogoo ya kupigana yaliyoletwa na meli yalipanda kuku wa wenyeji, baadae ikaingia damu ya Langshan, mbegu ya kuku ya Kichina, na manyoya ya miguuni yanatokana na huko. Wafaransa waliandika standadi yao 1931 na kwao Marans lazima awe na manyoya miguuni. Waingereza walichukua kuku haohao wakawachagua kwa muda mrefu wawe na miguu mitupu. Marekani wamefuata ya Kifaransa, na wale weusi wenye shingo ya shaba, Black Copper, waliingizwa kwenye standadi yao 2011. Kwahiyo mtu akikwambia kuku wako siyo Marans sababu miguu haina manyoya muulize kwanza anasoma kitabu gani. Mimi hapa naongelea wa Kifaransa, na zaidi Black Copper, maana ndo wanafugwa zaidi na ndo wanasumbua zaidi. (Kuna na wale wa mistari wanaitwa Cuckoo, jina ukilitamka unapata kuku anaitwa kuku, basi tuwaache kwanza.)

Umbo kwanza. Hili nalirudia kwa kila anayeniuliza. Rangi unaweza kuirekebisha kwa misimu miwili mitatu ukiwa na jogoo sahihi, umbo likiharibika linakula miaka. Marans ni kuku mrefu kiasi, mzito, mabega mapana, ukimtazama kwa juu mwili unaanza mpana mbele unapungua kuelekea mkiani. Mkia haupiti nyuzi 45, ukisimama wima ukaelekea kichwani kama wa kindi hiyo ni kasoro kubwa na usimzalishe hata kama yai lake ni jeusi kama mkaa. Upanga wa kichwani ni mmoja, umesimama, meno yamepangika, na usiwe na kijino kinachochomoza pembeni. Ndewe za masikio ziwe nyekundu, weupe ukianza kuingia humo ni alama mbaya. Macho ya rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, japo kifaranga anaanza na macho meusi hivyo usimhukumu mapema. Miguu iwe ya kijivu au nyeupe yenye uwaridi kidogo, nyayo nyeupe. Miguu ya njano hapana, hapo hakuna mjadala. Manyoya yashuke upande wa nje wa mguu mpaka kidole cha nje, yakijaa na kidole cha kati yamezidi. Uzito, Wafaransa wanataka jogoo wa kilo 3.5 mpaka 4 na koo, yaani jike, 2.6 mpaka 3.2. Pima kwa mizani, mkono unadanganya sana kwa kuku mwenye manyoya mengi.

Sasa rangi ya hawa weusi. Jogoo anatakiwa mwili mweusi unaotoa mng'ao wa kijani ukimtoa juani, shingo na manyoya marefu ya kiunoni ya shaba, mabega mekundu yaliyoiva, kifua cheusi, madoadoa machache ya shaba kifuani yanavumilika. Akikunja bawa utaona ile pembetatu ya chini, iwe nyeusi. Ikiwa kahawia anza kushuku kuna damu ya Wheaten humo ndani, wale wa rangi ya ngano. Na shaba maana yake shaba, siyo njano ya majani makavu na siyo ile nyekundu ya giza inayokaribia damu ya mzee. Koo ni mweusi mwenye shaba shingoni tu. Koo mwenye vijidoa vya kahawia mgongoni na mabawani, kama amepata ukungu hivi, ana wekundu uliozidi, na koo ambaye shingo haina shaba kabisa ana weusi uliozidi. Hawa wawili ndo utakutana nao kila siku na dawa yake ni kupandisha kwa kufidia. Koo mweusi tii mpe jogoo mwenye shaba ya kutosha, koo mwenye ukungu mpe jogoo mwenye kifua cheusi safi. Kosa ni kupandisha wawili wenye kasoro ileile ukitegemea bahati, maana hapo kasoro unaifunga kwenye ukoo wako kabisa.

Vifaranga weusi wakiwa na nyeupe kwenye ncha za mabawa usiwachinje, nyingi hupotea wanapobadilisha manyoya. Mimi msimu wa kwanza nilitoa karibu nusu ya kundi wakiwa na wiki sita kisa hizo nyeupe, najuta mpaka leo. Kwa umri huo toa wale wenye kasoro zisizobadilika tu, miguu isiyo na unyoya hata mmoja, vidole vilivyopinda, mdomo uliokaa upande. Rangi isubiri manyoya ya ukubwani, na majogoo wape mpaka miezi nane tisa, wanachelewa hawa.

Yai. Kuna chati ya rangi inayoenda 1 mpaka 9, na yai lisilofika 4 halihesabiki kama la Marans. Rangi yenyewe inapakwa mwishoni kabisa, ganda likishakamilika, masaa ya mwisho kabla ya kutagwa, ndo maana ukivunja yai ndani ya ganda ni peupe, na ndo maana yai bichi lenye unyevu ukilisugua rangi inatoka. Mtetea akianza kutaga mayai ya kwanza ndo meusi kuliko yote, alafu yanafifia kadri msimu unavyoenda, akipumzika akanyonyoka manyoya akaanza tena rangi inarudi. Kwahiyo anayekuuzia kuku kwa picha ya yai la wiki ya kwanza hajasema uongo ila hajasema yote. Muulize la mwezi wa nne wa kutaga linafananaje.

Kitu kinachosahaulika ni jogoo. Yeye hatagi lakini nusu ya rangi ya yai la mabinti zake inatoka kwake, na huwezi kuiona kwa macho. Unamjua kwa mama yake na dada zake. Kwahiyo lazima ujue kila yai limetagwa na nani, na njia ya uhakika ni kiota cha mtego, kile ambacho kuku akiingia mlango unajifunga mpaka uende umfungulie. Kinachosha, ila wiki mbili tu zinatosha kukuonyesha koo yupi anabeba banda na yupi anajificha nyuma ya wenzake. Andika namba ya pete ya mguu wa kuku kwenye upande butu wa yai kwa penseli. Alafu usiweke kwenye mashine ya kutotolesha yai jeusi kuliko yote kwa kuwa ni jeusi tu. Likiwa la mviringo kama mpira, au dogo, au lina ganda lenye chunusi, acha, maana na hivyo vinarithiwa.

Kwenye banda la kuzalishia jogoo mmoja na koo wanne mpaka kumi, mi napenda wachache. Watenge na majogoo wengine wiki tatu kabla ya kuanza kukusanya mayai kwa sababu mbegu ya jogoo wa zamani inakaa ndani ya koo hata wiki mbili na zaidi, usije ukampa sifa baba asiyehusika. Kuhusu ndugu kwa ndugu, wafugaji wa shoo wengi wanarudisha jogoo mzuri kwa mabinti zake au koo bora kwa mtoto wake wa kiume, ndivyo tabia zinavyoshikwa. Ila kaka na dada mara kwa mara, utaona utotoaji unashuka na vifaranga wanakuwa legelege. Ukiona hivyo tafuta jogoo wa ukoo wa mbali kidogo, na umjaribu kwa koo wawili tu kwanza, usimwachie banda zima.

Kutotolesha mayai haya kuna kero zake. Ganda ni jeusi, ukimulika na tochi ya kawaida siku ya 7 huoni kitu, subiri siku ya 10 au utumie tochi kali gizani. Joto 37.5 kwa mashine yenye feni, siku 21. Mayai meusi yanapoteza maji taratibu kwahiyo wengi tunashusha unyevu mpaka asilimia 35 hadi 45 siku 18 za kwanza, alafu tunapandisha 65 hivi siku tatu za mwisho na kuacha kugeuza. Usiniamini mimi, amini mizani: pima trei siku ya kwanza na siku ya 18, uzito uwe umepungua kama asilimia 12 hadi 13. Umepungua kidogo kuliko hapo, kifaranga anakuwa kavimba na anashindwa kujizungusha ndani ya yai.

Ukishapata kuku wa kupeleka, maandalizi ni ya miezi siyo ya jana usiku. Manyoya ya miguuni yanakatika kwenye tope, hivyo weka maranda makavu na ubadilishe kabla hayajalowa, na uangalie utitiri wa magamba ya miguu, kwa kuku wenye manyoya huko unajificha na unakuja kuuona magamba yameshainuka. Nyoya lililong'olewa linarudi baada ya wiki sita nane, lililokatika nusu linabaki hivyo mpaka kunyonyoka kunakofuata. Usipake rangi, usikate, using'oe nyoya lenye kasoro ili ufiche, jaji akigundua unatolewa na jina linabaki.

Wiki mbili tatu kabla muingize kwenye kizimba kidogo kila siku, mshike, mfungue bawa, mguse kwa fimbo nyembamba ajue jaji atamfanya nini. Kuku mwoga anajikunja na umbo lote linapotea. Kuosha fanya siku tatu kabla, maji ya uvuguvugu, sabuni laini, sugua kufuata nyoya linavyolala, suuza mara mbili na ya kwanza tia siki kidogo. Magamba ya miguu tumia mswaki. Mkaushe mpaka ndani kabisa kwenye ngozi, kisha atulie kwenye maranda safi, ndani ya siku hizo tatu atarudisha mafuta yake mwenyewe na mng'ao wa kijani utarudi. Asubuhi ya shoo mafuta ya mgando kidogo mno kwenye upanga, ndevu na miguu, yakigusa manyoya ya shingo umeharibu.

Ukishindanisha mayai pia, usioshe. Mimi niliwahi kufuta yai bora la msimu na kitambaa chenye maji kisa kidoa kimoja, nikabaki na yai lenye baka jeupe na moyo umeniuma wiki nzima. Futa kwa brashi kavu. Chagua yanayofanana umbo, ukubwa na rangi, sita yaliyolingana ya rangi ya 5 yanapiga sita ambayo moja ni 8 na mengine yamesambaa.

Na wakirudi nyumbani usiwaachie kundini hata kama wameshinda, wasije wakaleta ugonjwa. Wakae peke yao wiki mbili mpaka nne, mbali na wengine, viatu vingine, ndoo nyingine, uwalishe wa mwisho kila siku.