Ogopa ncha ya chensoo

Wenzangu mnaokata paina na milingoti huko Mufindi na Njombe, naomba muiangalie sana ncha ya bapa la chensoo (msumeno wa mashine), yaani kile chuma kirefu ambacho cheni hukizunguka, hasa robo ya juu ya ncha hiyo pale cheni inapopinda. Sehemu hiyo ikigusa tawi au gogo la pili, mashine hurushwa juu na nyuma kuelekea usoni kwako kabla hata hujafumba jicho.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, sukuma kinga ya mbele mpaka breki ya cheni ibane, kisha weka mashine chini, kanyaga mpini wa nyuma kwa buti ndipo uvute kamba. Ukikata, dole gumba la kushoto lizunguke mpini wa mbele, na usipandishe chensoo juu ya mabega.

Tazama pia kinachotoka. Cheni kali hutoa chenga, butu hutoa unga, na hiyo butu ndiyo inayokufanya usukume kwa nguvu hadi mkono uteleze. Ukiona unga, zima, piga tupa meno yote sawasawa. Na kandambili shambani, tafadhali sana, hapana.